Nyuki wa Aubrey Hawakuambiwa

Jumapili, 23 Januari 1944

Naomba radhi kwa kimya cha muda mrefu. Naiomba kwa nani, sijui; daftari hili halisomwi na mtu ila mimi. Lakini mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote hawezi kuingia mahali bila hodi. Mara ya mwisho niliandika wakati wa kuvuna matufaa. Tangu hapo vidole vilikufa ganzi kwa baridi — la, huo si ukweli. Niliacha kwa sababu kila niliposhika kalamu, kilichotoka ni ndege za vita. Zinapita juu ya bonde letu jioni, zikielekea mashariki, na ndani ya mojawapo yumo mtu ambaye sikutaka kumwandika.

Leo amekuja. Aubrey! Mjukuu wangu wa pekee. Amepewa likizo fupi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, mkoba begani, sungura mkononi. Amempata wapi, hakusema, nami sikuuliza. Amekonda. Mama yake, Hester, alimshika mashavu akamgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua sufuria iliyotoboka.

"Wanakulisha nini huko?"

"Mayai, Mama. Tukienda kupiga, yai. Tukirudi, yai."

"Na mimi kuku wangu wanataga nini? Mawe?"

Tumekaa watatu mezani. Mwanangu Harold, babake Aubrey, alikufa zamani kwa gesi aliyoivuta katika vita vile vingine. Hester akabaki hapa na mimi, akamlea mtoto, akanilea na mimi. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Leo amecheka mara mbili.

Jumanne, 25 Januari

Baridi kali. Aubrey ameshinda kwenye mizinga yake mitatu ya nyuki, kule mwisho wa shamba la matufaa, nyuma ya ua wa miti. Wakati huu wa mwaka hakuna la kufanya. Anagonga ubao kwa kidole, anatega sikio. Anasema wananguruma ndani kama paka aliyelala.

Mimi siendi huko. Nyuki mmoja akiniuma, mkono huvimba mpaka begani.

"Si wewe unayewaogopa, Babu," akasema. "Wao ndio wanakuogopa. Wanadhani utawasahihisha."

"Wangeniletea kazi safi, nisingewasahihisha."

Baada ya chai alinieleza kazi yake. Sikumwomba. Yeye ndiye mlenga mabomu. Hulala kifudifudi puani mwa ndege, chini ya kifua chake pana kioo, na chini ya kioo pana mji. Humwelekeza rubani: kushoto kidogo, kushoto, tulia hapo. Kisha hubonyeza.

"Nikifungua mzinga, Babu, nawapulizia moshi kwanza, nasogeza kila ubao taratibu, nisije nikamponda hata mmoja. Halafu narudi kazini na —"

Akakigeuza kikombe chake.

"Malizia sentensi yako," nikamwambia. Mazoea ya darasani. Nilijuta papo hapo.

Akatabasamu. "Hii haina mwisho mzuri, Babu."

Ili kubadili mazungumzo akatoa mfukoni hirizi yake. Ndegeni wote wanayo, anasema, na asiyekuwa nayo hawapandi naye. Ya kwake ni kile kijumba kidogo cha mbao alichochonga mwenyewe kwa mti wa tufaa, chenye wavu mbele, cha kumsafirishia malkia wa nyuki. Kitupu. Rafiki yake Fergus Imrie, Mskoti wa redio, huvaa shingoni soksi ndefu ya mchumba wake. Na mpiga bunduki wao wa mkiani hapandi ndegeni kabla hajakojolea gurudumu.

"Mama asisikie," akanong'ona.

"Nimesikia!" Hester, kutoka jikoni.

Ijumaa, 28 Januari

Ameondoka kwa basi la asubuhi. Baiskeli yake ameiacha kibandani. Akamwambia mama yake asiache magurudumu yakose upepo, mipira hupasuka. Na mizinga isifunguliwe mpaka matufaa yachanue. Hester akaitikia kila jambo kwa kichwa. Alikuwa amemfungashia asali kwenye chupa ya dawa.

Vijana wa ndege hizi hawaagani. Ni mwiko kwao kutamka neno la kuaga. Akanipa mkono kama mwanamume, kisha akanikumbatia kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na meno ya utoto.

"Babu, usiache kuandika. Andika hata matusi."

"Sina matusi."

"Basi nitakuazima ya Fergus."

Basi likakata kona. Hester akabaki barabarani kwa muda mrefu, mikono ndani ya aproni.

Jumapili, 13 Februari

Barua yake. Fupi. Theluji uwanjani; wameizoa wenyewe kwa koleo. Mezani, kabla ya safari, wenzake humwambia: "Usiporudi, Aubrey, naomba yai lako." Naye hujibu kwamba ameshaliandikia wasia, litakwenda kwa Babu yake, alipatie alama.

Nilikuwa nimeshika penseli, kama kawaida yangu ninaposoma barua zake. Palikuwa na kosa mstari wa tatu. Nimeiweka penseli chini. Sijui kwa nini.

Jumanne, 22 Februari

Telegramu.

Bi Tudge wa posta ameileta mwenyewe; hakumtuma mtu. Nilipomwona anafungua geti huku amevua kofia, nilijua. Hester aliisoma amesimama. Ndege haikurudi kutoka safari ya Jumapili. Aubrey ametoweka, zaidi ya hapo hawajui.

Hester akaikunja mara mbili. Akasema, "Kutoweka si kufa, Baba."

Nikasema, "Si kufa hata kidogo."

Akavaa mabuti. Naenda kuanua nguo, akasema. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Alikaa huko sana. Aliporudi alikuwa amelowa chapachapa, na hakuwa na nguo hata moja mkononi. Sikumwuliza. Mtu akiamua kulia kwenye mvua, aachwe.

Jioni nilitaka kufunga mlango wa mbele. Ule ufunguo mkubwa wa chuma haukuwa msumarini. Nimeukuta juu ya meza ya jikoni, nao umelowa. Siku kama hii vitu havikai mahali pake.

Sala sikuweza. Nimenyambua vitenzi vya Kilatini mpaka usingizi ukaja.

Alhamisi, 24 Februari

Fedheha leo. Bi Tudge amekuja na utepe mweusi, na ufunguo wa nyumba yake mkononi, kwa kuwa hakujua kama tungempa wa kwetu. Akasimama mlangoni, sauti ya msibani.

"Mwalimu, nisamehe, lakini nyuki lazima waambiwe."

Namjua huyu, na naujua huo ushirikina wao. Bwana wa nyuki akifa, mtu wa nyumbani aende kwenye mizinga, agonge kila mmoja mara tatu kwa ufunguo wa nyumba, awaambie: bwana wenu amekufa, mtumikieni fulani. Kisha afunge kitambaa cheusi. Wasipoambiwa, wanakufa wote au wanahama. Wanakijiji hapa husoma gazeti, husikiliza redio, huenda kanisani — na bado wanagonga mizinga.

"Mume wangu alipofariki nilijisahau siku moja tu," akasema. "Siku moja! Nikakuta wamelala chini kama kahawa iliyomwagika."

Sikupata nafasi ya kumjibu. Hester alitokea jikoni na fagio.

"Toka, Martha Tudge."

"Hester, mpenzi, mimi nakutakia —"

"Peleka matanga yako kwako! Hapa hakuna aliyekufa!"

Bi Tudge akarudi kinyumenyume mpaka getini. Utepe ukamponyoka ukabaki kwenye matope. Hester akaufagia nje ya geti. Kisha akanigeukia mimi, anahema.

"Hakuna mtu atakayekanyaga kule kwenye mizinga. Hakuna. Hata wewe, Baba. Mwenyewe atakuja kuifungua."

Nikasema anasema kweli, na kwamba jambo lile ni ujinga wa wapagani. Nilikuwa upande wake kikamilifu. Lakini moyoni nilijua kwamba Bi Tudge hakukosea ila utaratibu. Mjukuu wangu amekufa. Nilijua tangu geti lilipofunguliwa. Hester hajui, na si mimi nitakayemwambia.

Kifua kinabana. Naacha hapa.

Jumamosi, 18 Machi

Kimya tena, na safari hii nina udhuru. Usiku wa siku ile ya fagio nilianguka. Ni moyo. Nimelala kitandani majuma matatu, Hester akinilisha uji kwa kijiko kama kifaranga.

Daktari alikuja jana. Akamweleza Hester chini, ukumbini, kwamba moyo wangu umechakaa, nisishtuliwe, nisihuzunishwe, pigo moja tena na basi. Hakuniambia mimi. Lakini mlango ulikuwa wazi, na masikio yangu hayajachakaa.

Kamanda wa Aubrey ameandika. Barua ya heshima, alama zote za uandishi mahali pake. Anasema tusikate tamaa. Wengi wamewahi kuonekana baadaye, wakiwa mateka, au wamefichwa na raia. Hester amenisomea mara mbili. Sauti yake haikutetemeka. "Umeona, Baba? Wengi."

Kila Jumamosi anaitoa baiskeli kibandani, anaipindua juu chini, anatia magurudumu upepo. Nasikia pampu kutoka kitandani. Fii, fii, fii. Anasema Aubrey akirudi asije akalaumu.

Namwonea huruma kuliko ninavyoweza kuandika. Siku habari ikija, itamvunja. Kwa hiyo nami husema, akirudi. Akirudi tutamchinjia jogoo. Akirudi tutamkatia nywele.

Jumapili, 9 Aprili — Pasaka

Nimetembea mpaka kanisani kwa fimbo. Hester amevaa kofia yake nyeusi, ile aliyomzikia Harold. Nimeona haina utepe. Umebaki uzi tu. Nikamwambia. Akasema nondo wameutafuna. Vita hivi hata nondo wana njaa.

Baada ya ibada Bi Tudge alinivuta kando ya makaburi. Hawajasemezana na Hester tangu siku ya fagio. Lakini uso wake ulikuwa unawaka.

"Mwalimu! Nyuki wa Aubrey wamejaa kwenye maua ya bustani yangu. Wanaruka! Kwa mamia, wazima, wanavuka ua wenu wa miti kurudi mizingani na miguu imejaa chavua!"

"Ni majira ya kuchipua, Bi Tudge. Wafanye nini kingine?"

"Hukuelewa. Hawakuambiwa. Sivyo? Hester alikataza. Hawakuambiwa — na hawajafa, na hawajahama. Basi bwana wao yu hai. Nyuki hawajui kudanganya, Mwalimu."

Nilimwambia hiyo ni hoja mbovu kuliko zote nilizowahi kusikia, na nimesikia nyingi. Akacheka, machozi machoni, akaniminya mkono.

Chakula cha mchana nimeongeza viazi. Sijaongeza chakula tangu Februari.

Nilimweleza Hester maneno ya Bi Tudge, nikidhani yatamfurahisha. Alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Hakugeuka. Akasema tu, "Umeona, Baba."

Jumatano, 3 Mei

Matufaa yamechanua. Bonde zima ni jeupe. Kutoka dirishani nasikia mvumo wao, na siwezi kusoma.

Naandika jambo la aibu. Nimeanza kuamini. Mimi! Niliyemwadhibu Aubrey alipokuwa mdogo kwa kukwepa kupita chini ya ngazi, eti ni mkosi! Kila asubuhi nafungua dirisha, nasikiliza. Wapo. Basi naye yupo. Nimeshusha atlasi, nimemwonyesha Hester njia: hapa ndege ilipita, hapa kuna misitu, hapa milima, ng'ambo ya milima ni Hispania. Watu hufichwa na watawa. Watawa hufuga nyuki. Nikamwambia, sitashangaa kama sasa hivi amevaa kanzu ya kitawa, anawafundisha mababa watakatifu namna ya kupuliza moshi.

Hester aliangalia ramani kwa muda. Akauliza kama milima hiyo ina theluji mwezi Mei. Nikasema imeshayeyuka.

"Vizuri," akasema. "Hana soksi nzito."

Jumamosi, 3 Juni

Lazima niandike taratibu.

Hester alikwenda sokoni kwa basi. Kabla ya saa sita mlango ulibishwa. Kijana mfupi, nywele nyekundu, sare ya jeshi la anga inayompwaya. Mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Akasema, "Mzee, mimi ni Fergus Imrie."

Nilishika mlango. Moyo uliruka kwa furaha — namwandika Mungu kuwa shahidi, kwa furaha! Kama huyu ametoka, basi...

Aliona uso wangu akainamisha kichwa. "Hapana, Mzee. Niko peke yangu."

Nilimkalisha, nikampa mkate na asali. Hakula. Aliutazama tu ule mkate, akaukata vipande vidogo, akavipanga huku akisimulia.

Walikuwa wameshadondosha mabomu, wanarudi, juu ya Ufaransa. Aubrey alikuwa ameshatania kwenye redio ya ndani kwamba yai lake asiguse mtu. Ndege ya adui ikawajia kutoka chini, hawakuiona. Bawa likashika moto. Rubani akaamuru waruke.

"Mlango wa kutokea uko chini ya kifua cha mlenga mabomu. Kanuni ni yeye aanze, kwa kuwa anaziba njia. Aliufungua. Miguu yake ilikuwa tayari imening'inia nje, Mzee. Nilimwona. Alikuwa ameshatoka, nakwambia. Ameshatoka."

Ndipo wakamsikia mpiga bunduki wa mkiani. Kijana wa gurudumu. Kijumba chake cha bunduki kilikuwa kimekwama, hakigeuki, hakifunguki. Hakupiga kelele. Alisema tu, kama anayeomba chumvi mezani: "Jamani, mlango umekwama. Jamani, kuna mtu?"

Aubrey alirudisha miguu ndani. Akachukua shoka ukutani, akapanda kuelekea nyuma, kwenye moshi. Fergus alimshika mkono wakipishana.

"Nikamwambia, wewe una wazimu. Akaniambia, 'Tangulia, Fergus. Naenda kumfungulia mzinga.' Alikuwa anacheka, Mzee. Au moshi ulimkunja uso. Mimi nasema alikuwa anacheka."

Fergus akaruka. Akaning'inia chini ya mwavuli, akaitazama ndege ikienda, inawaka, imenyooka kama iko kwenye reli, mpaka msituni. Hakuna aliyetoka tena.

Watu wa huko walimficha; ni nani na wapi, amekatazwa kusema. Mwenye nyumba alikwenda msituni asubuhi pamoja na padri kuzika. Fergus akamwomba atazame. Akarudi akasema: wawili walikuwa mkiani. Kijumba cha bunduki kilikuwa kimepasuliwa nusu. Mmoja ameshika shoka. Akamletea alichokikuta katika mfuko wa koti la mwenye shoka.

Akakiweka mezani, kati ya vipande vya mkate. Kijumba cha malkia. Upande mmoja umeungua mweusi. Wavu ni mzima.

Sikuanguka. Daktari alikosea. Nilikaa tu.

"Ofisi itawaandikia," Fergus akasema. "Juma lijalo, au lile la pili. Nilitaka msikie kwa mdomo wa mtu kwanza. Mama yake yuko wapi?"

Na hapa nilifanya hivi: nilimwomba aondoke kabla Hester hajarudi. Mgeni aliyepanda mabasi matatu kutuona, aliyelala bweni moja na mtoto wetu, nilimtoa nyumbani kwa maneno mazuri. Nikamwambia mama yake ana matumaini, nami nitamwandaa. Alisimama, akanipigia saluti, mimi mzee wa viatu vya nyumbani. Akaondoka bila kula.

Hester aliingia na kikapu. Akanusa. "Nani amevuta sigara hapa?"

"Mchungaji alipita."

Mchungaji havuti sigara. Hester aliweka kikapu chini. Akavitazama vile vipande vya mkate vilivyopangwa. Kisha akavikusanya, akawapelekea kuku.

Jumatatu, 5 Juni

Sikumwambia jana. Sikumwambia leo. Nilianza mara tatu. "Hester," nasema. "Naam, Baba?" Kisha nauliza chumvi.

Amenipikia bata. Anasema nimepauka.

Jumanne, 6 Juni

Majeshi yetu yameshuka Ufaransa! Redio imesema. Ndege zilivuma usiku kucha, nyingi kuliko zote, na asubuhi Bi Tudge alikuwa anakimbia barabarani na aproni yake kichwani, anapiga kelele kama kengele. Mchana watu wote wakaitwa kanisani kuwaombea vijana. Hester akaenda. Nikasema miguu inauma, nitabaki.

Sasa nieleze kwa utaratibu, maana mkono unataka kukimbia.

Niliazimia kumwambia leo. Lakini lile neno sikuwahi kulitoa mdomoni. Nilitaka kulijaribu kwanza mbele ya wasioweza kunijibu. Nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo: soma kwa sauti ukiwa peke yako. Huo ndio udhuru niliojipa. Nikautoa ufunguo mkubwa msumarini. Kijumba cha malkia nilikuwa nacho mfukoni. Nikaenda, kwa fimbo, kupitia majani marefu, kule ambako Hester amekataza, ambako mimi sikanyagi kwa kuogopa kuumwa. Kufanya upuuzi wa Bi Tudge, mimi, na kofia mkononi!

Nikazunguka ua wa miti.

Mizinga mitatu. Nyuki wanaingia na kutoka kwenye jua, kwa maelfu. Na kila mzinga umefungwa utepe mweusi.

Nilidhani Bi Tudge amenyemelea. Nikasogea. Lakini wa kwake ulikuwa wa pamba, mpya, nao ulifagiwa matopeni. Huu ni wa hariri, mpana, wa kofia, umekatwa vipande vitatu kwa mkasi. Umechujuka. Hauna weusi tena, una rangi ya kutu. Mafundo yamekazwa na mvua na yakaota ukungu. Utepe uliofungwa wiki iliyopita hauwi hivyo. Huu umenyeshewa na Februari, umepigwa na theluji ya Machi.

Hapa ndipo ufunguo ulipokuwa siku ile ulipolowa. Hizi ndizo nguo alizokwenda kuanua.

Alijua. Tangu siku ya telegramu, kabla hajavua mabuti, Hester alijua. Alisimama hapa kwenye mvua, akagonga kwa ufunguo wa nyumba, akayasema yale maneno, peke yake. Kisha akarudi ndani akaniambia, kutoweka si kufa. Na fagio halikuwa la kumfukuzia msiba. Lilikuwa la kuzuia mtu asije akauona utepe huu.

Kwa ajili yangu. Aliuhofia moyo wangu hata kabla daktari hajasema nisishtuliwe.

Nyuki wako hai kwa sababu waliambiwa. Na mimi niliongeza viazi kwa ajili yao! Nilimfungulia atlasi mama yake Aubrey! Nilimvika mtoto wake kanzu ya kitawa, nikasema theluji imeyeyuka, naye akasimama pale akaniuliza habari za soksi.

Sikugonga. Hapakuwa na la kuwaambia. Nyuki mmoja alitua kwenye mkono wangu wenye ufunguo, akatembea mpaka kidoleni, akaruka.

Niliporudi, Hester alikuwa ameshatoka kanisani. Alikuwa uani, ameipindua baiskeli, anatia upepo. Si Jumamosi leo. Nilipita karibu nikabonyeza gurudumu kwa kidole. Gumu kama jiwe. Halikuhitaji upepo.

"Ulikuwa wapi, Baba?"

"Nilikuwa natazama njegere."

Aliutazama ufunguo mkononi mwangu. Akatazama suruali yangu, chavua mpaka magotini. Bustani ya njegere iko upande wa pili wa nyumba.

"Zimeshika?" akauliza.

"Zimeshika vizuri."

Akainama, akaendelea kupampu.

Nimepanda chumbani kuandika haya. Kijumba cha malkia kiko hapa karibu na kidau cha wino. Ufunguo uko kando yake, sijaurudisha msumarini. Barua ya ofisi inakuja, Bi Tudge ataileta, na siku hiyo mmoja wetu atalazimika kujifanya ameshtuka mbele ya mwenziwe. Au nishuke sasa, nimwekee hiki kijumba mikononi, nimwambie mtoto wake alikuwa ameshatoka akarudi. Hilo halijui. Hilo ana haki ya kulijua. Lakini nikimwambia, nitakuwa nimemnyang'anya kazi anayoifanya tangu Februari, nami sijui kama kazi hiyo ndiyo inayomweka wima.

Pampu imenyamaza. Nasikia hatua zake ngazini, taratibu, kama za mtu aliyebeba kitu kilichojaa.

Nikishaamua, nitaandika.